Tiketi ya Onyesho la Watoto

Mtoto anapoleta nyumbani tiketi ya onyesho la hip hop la mtaani, wengi wetu hukunja uso kabla hata ya kuuliza bei. Tunaona kofia iliyogeuzwa nyuma na suruali inayoburura chini, tunasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya wahuni. Hebu tutazame yalikotoka.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika eneo la Bronx jijini New York, msichana aitwaye Cindy Campbell, wa familia iliyohamia kutoka Jamaika, alitaka fedha za kununulia nguo za kurudi shuleni. Akaandaa dansi katika ukumbi wa jumba walimokuwa wakiishi. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, maarufu kama Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Usiku ule ndio unaohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa hip hop. Kumbe ilianza kwa mchango wa nguo za shule!

Hata jirani zetu wa Kampala wameonja faida yake. Mwaka 2006 Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda, akawafundisha vijana na watoto breki dansi bila malipo, na aliyejifunza akatakiwa naye amfundishe mwenzake. Wala tusidhani ni mchezo wa wavulana tu. Breki dansi ilipochezwa katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, medali ya dhahabu ya wanawake ilikwenda kwa Ami Yuasa wa Japani, aliyeanza kucheza akiwa mtoto mdogo.

Lakini mafunzo ya bure hayakosi gharama. Ukumbi hukodiwa, spika huharibika, na mwalimu anahitaji nauli. Hapo ndipo tiketi zetu zinapoingia. Yuko mtoto ambaye siku moja atasema, “Sipendi tena kucheza,” na kumbe anaipenda sana. Ameona tu mama yake hana ada, naye hataki kumwaibisha. Watoto wa namna hiyo huacha kimya kimya, na mara nyingi wasichana ndio wa kwanza. Tukinunua tiketi mbili badala ya moja, huenda tumemlipia yeye.

Tuna haki ya kuuliza, tena bila haya. Fedha zilizopatikana zitatumikaje, na nani atatoa hesabu? Nyimbo zimechaguliwa na nani? Yupo mama anayekaa na watoto wakati wa mazoezi? Mtoto mdogo asiachwe azunguke kwa kichwa bila mwalimu kuwapo, kwa maana shingo si kitu cha kujaribia. Na wakitaka sare za bei kubwa, tukatae. Fulana ya kawaida na raba zisizoteleza zinatosha. Wanaoshona sare za kumetameta hushonea macho ya wazazi zaidi kuliko watoto.

Tena tuwahi, kwa sababu wadogo kabisa ndio hucheza mwanzo, ukumbi ukiwa bado nusu tupu, nao hutafuta nyuso za mama zao kila wanapogeuka. Likiisha giza limeingia, tupange zamu ya kuwasindikiza wasichana. Mama wawili kwa kila mtaa wanatosha, wakiwa na tochi.