Plagi nyeusi haina kosa

Aliyeandika kwamba plagi ikichafuka dawa ni kununua mpya tu, apande bodaboda kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu. Ataanzia kama mita 800 na kufika juu ya mita 1,800. Huko hewa imepungua kwa takriban asilimia 10, lakini kabureta inamimina petroli kana kwamba bado iko stendi. Mafuta yanazidi hewa, masizi yanaganda kwenye ncha. Plagi mpya nayo itageuka nyeusi, na dereva atakuwa amelipia dukani ugonjwa wa kabureta, au wa filta iliyojaa vumbi.

Masizi makavu hutoka kwa petroli na mswaki mkuukuu. Pima nafasi ya ncha, rudisha, washa. Brashi ya waya, hapo nakubaliana na mwandishi huyo, ni balaa: huacha chembe za chuma kwenye kauri, cheche ikapotelea pembeni. Kauri ikipasuka au ncha ikilika, tupa bila huruma.

Mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu mwenye injini ya kuchanganya oili, yeye abebe plagi ya akiba. Katikati ya bwawa hakuna kijiwe cha fundi.