Mwana na Irabu za Kiingereza

Mama mpendwa, mwanao akisoma neno "hope" kwa kutamka ho-pe, usimkaripie akaja kukichukia kitabu. Amefuata kanuni ya Kiswahili, ambapo irabu hazigeuki sauti. Kiingereza kina desturi nyingine. Katika "hop", konsonanti imeifunga silabi, na irabu ni fupi. Ikiongezwa e mwishoni, e hiyo hunyamaza, na o husomwa kama ou. Ndiyo sababu "hopping" ina p mbili, ili kuilinda irabu fupi, na "hoping" ina moja. Aliyesoma madda chuoni hatashangaa: alifu baada ya fataha nayo huirefusha sauti ya jirani yake. Ila "have" na "come" zimeasi. Hizo ahifadhi tu.