Naomi Alimpakata Mtoto

Wapendwa, ipo kauli tunayoirudia makanisani nayo inaumiza: kwamba mwanamke anayelia baada ya kujifungua amepungukiwa imani. Naipinga. Mara nyingi waliopungukiwa ni wale wanaomzunguka.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kazi hiyo huchosha. Lakini uchovu huo huongezeka mara dufu pale mama mkwe anaposema maziwa ya mkwewe ni mepesi, mawifi wanapohesabu siku alizolala, na mume anaposikia yote akanyamaza. Mtoto wa kilo tatu ni mwepesi katika nyumba yenye mikono mingi. Katika nyumba yenye maneno mengi ni mzito.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Basi kati ya akina mama watano wanaoleta watoto kubatizwa, huenda mmoja anaumwa. Huyo tumwombee, na pia tumsindikize kliniki. Kumwambia akemee pepo na kumwacha peke yake ni kumwongezea mzigo.

Wengine watasema bibi zetu walizaa watoto kumi bila kulalamika. Walikuwa na watu! Mzazi alikaa ndani hadi arobaini. Alikandwa, alipikiwa uji na supu, majirani wakamchotea maji na kuni. Sisi tumeyaacha hayo, tumebaki na masimango tu.

Tusome tena kitabu cha Ruthu. Ruthu alipojifungua Obedi, Naomi alimchukua mtoto akamweka kifuani, akawa mlezi wake. Naomi alikuwa mama mkwe! Hakuja kukagua nyumba ya mkwewe. Alikuja kupakata mtoto. Akina mama wakwe wa usharika wetu, huyo ndiye mfano wenu.

Nanyi akina baba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawapa likizo ya uzazi ya angalau siku tatu. Ni chache mno, kweli. Lakini hakuna sheria inayowakataza kuamka saa nane za usiku, kufua nepi, au kumwambia mama yenu kwa heshima: "Mama, maneno hayo yanatosha." Maandiko yanamtaka mwanamume aambatane na mkewe, na kuambatana huko hakukomi siku ya harusi.

Jumuiya inapokwenda kumwona mzazi, wa kwanza achote maji, wa pili afue, wa tatu ampakate mtoto ili mama alale. Tukimaliza hayo, tuombe, kisha tuondoke mapema.