Kiingereza Bubu: Tunachoweza Kujifunza kwa Mwanafunzi wa Sekondari wa China

Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapofufuka nchini mwetu, hapakosi kuitwa shahidi mmoja kutoka mbali, naye ni Mchina. Upande mmoja husema: "Tazameni China imeendelea kwa Kichina chake. Kiingereza cha nini?" Upande wa pili hujibu kwamba hata Wachina siku hizi wanakikimbilia Kiingereza, hivyo sisi tuliokwisha kuwa nacho tutakuwa wajinga tukikiacha. Nimesikiliza hoja hizi kwenye makongamano, redioni na hata katika vikao vya idara, na jambo moja hunisumbua. Pande zote mbili humtaja Mchina pasipo kumtazama kijana wa miaka kumi na sita aliyeinamia dawati alfajiri, akikariri maneno ya lugha ambayo huenda hajawahi kuizungumza na mtu yeyote. Katika makala haya nakusudia kumtazama kijana huyo, kwa sababu ushahidi wake hauungi mkono upande wowote kati ya hiyo miwili.

Tuanze na mtihani. Mwanafunzi wa China anayemaliza sekondari ya juu hufanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu uitwao gaokao. Alama zake katika majimbo karibu yote ni 750. Kichina kina alama 150, Hisabati 150 na lugha ya kigeni 150. 300 zinazobaki hugawanywa kwa masomo ya sayansi na ya jamii. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua Kirusi, Kijapani, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania badala ya Kiingereza, lakini walio wengi mno hufanya Kiingereza. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwa mtihani huo walikuwa milioni 13.42. Kwa hiyo, anayesema China imekitupa Kiingereza aeleze kwanza imekuwaje somo lililotupwa likapewa uzito uleule wa Hisabati.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Gaokao ilirejeshwa mwaka 1977 baada ya kusimamishwa katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, na katika miaka ya awali alama za lugha ya kigeni hazikuhesabiwa kikamilifu katika jumla ya mtahiniwa. Ziliongezwa hatua kwa hatua hadi mwaka 1983 zilipohesabiwa zote. Mwaka 2001, ambao ndio China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, Wizara ya Elimu iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa katika darasa la tatu la shule ya msingi. Hayo yalikuwa maamuzi ya dola, yaliyofanywa kwa hesabu. Dola iliona kwamba nchi inayotaka kuuza bidhaa zake duniani na kusoma sayansi ya wengine haina budi kuwa na watu wengi wanaoisoma lugha hiyo.

Sasa tuangalie mzigo wenyewe. Wanafunzi na walimu huzungumzia maneno 3,500, idadi inayochukuliwa kuwa msamiati wa mtihani. Baadhi yake mwanafunzi ameyatoa sekondari ya chini, yaliyobaki huyakariri katika miaka mitatu ya sekondari ya juu. Ndiyo maana katika shule nyingi siku huanza kwa kipindi cha kusoma kwa sauti kabla ya masomo ya kawaida, darasa zima likikariri pamoja, leo Kichina na kesho Kiingereza. Vitabu vingi vya msamiati hupangwa kwa alfabeti, na neno mojawapo la mwanzo kabisa ni "abandon", ambalo maana yake ni kuacha au kutelekeza. Wanafunzi wa China wana utani wao kuhusu neno hilo: mtu hufungua kitabu kwa ari kubwa, husoma neno la kwanza, kisha hulitii.

Utani huo una sababu. Mtoto wa Kiswahili anapoanza Kiingereza hukuta maneno aliyokwisha kuyazoea: benki, hospitali, daktari, baiskeli. Kichina hukopa kwa sauti mara chache. Aghalabu hutafsiri dhana kwa vipande vyake chenyewe. Kompyuta kwao ni "ubongo wa umeme", simu ni "mazungumzo ya umeme", na treni ni "gari la moto", jambo ambalo litamfanya atabasamu mzee wetu yeyote aliyekua akiita chombo hichohicho gari la moshi. Ni utajiri wa lugha yao, lakini humwacha mwanafunzi wa Kiingereza bila daraja. Karibu kila neno kati ya hayo 3,500 humjia likiwa geni kwa sauti, kwa sura na kwa hati.

Sarufi nayo ina mitihani yake. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa nafsi wala kwa wakati. Mzungumzaji husema "jana mimi kwenda", "leo mimi kwenda", "kesho mimi kwenda", na maneno mengine katika sentensi ndiyo yanayobeba taarifa ya wakati na ya kukamilika kwa tendo. Kijana huyo anapokabidhiwa "go", "went" na "gone" anaona kitenzi kimoja chenye sura tatu zisizo na sababu. Nomino zao kwa kawaida hazina umbo la wingi, na hakuna vibainishi mithili ya "a" na "the". Hapa sisi tunaweza kumhurumia kwa dhati, kwa kuwa Kiswahili nacho hakina vibainishi hivyo, na "yeye" wetu hamtofautishi mume na mke, kama ambavyo "tā" ya Kichina haiwatofautishi katika matamshi. Msomi wa Kichina mwenye shahada yake bado anaweza kuteleza akamwita mama yake mzazi "he". Kosa hilo hata kwetu si geni.

Pamoja na ugumu huo, ipo nguvu moja ambayo nadhani wengi wetu hatujaitafakari. Mwanafunzi wa China hufafanuliwa sarufi ya Kiingereza kwa Kichina. Kishazi rejeshi, kitenzi kisicho na njeo, sentensi ya masharti: dhana zote hizi zina majina ya Kichina, na mwalimu huandika sentensi ya Kiingereza ubaoni kisha huipasua kwa lugha ambayo darasa zima linaielewa. Akitoka hapo huingia kipindi cha Fizikia kwa Kichina, Kemia kwa Kichina na Historia kwa Kichina. Akifanya vibaya katika Kiingereza, amefeli Kiingereza tu. Uelewa wake wa mwendo wa elektroni au wa kuanguka kwa ufalme wa Qing hauguswi.

Hata hivyo, sitaki kuipamba picha hii, kwani Wachina wenyewe hawaipambi. Wanalo jina la matokeo ya mfumo wao: "yaba Yingyu", yaani Kiingereza bubu. Ni Kiingereza cha mtu anayeweza kuchambua sentensi yenye vishazi vitatu lakini anaulizwa na mgeni njia ya kwenda kituoni akabaki ameduwaa. Chanzo chake si uvivu wala aibu ya kimaumbile kama wageni wanavyopenda kusema. Chanzo ni mgawo wa alama. Katika karatasi inayotumiwa na majimbo mengi, kusikiliza kuna alama 30, kusoma 50, kifungu chenye mapengo 15, sarufi 15 na kuandika 40. Jumlisha utapata 150, na hakuna hata moja iliyotengwa kwa kuzungumza. Beijing na Shanghai zimekwisha kuingiza mazungumzo katika hesabu, lakini kwa mtoto wa jimbo lisilofanya hivyo, saa aliyoitumia kuongea ni saa aliyoipoteza. Ukiwa katika nafasi yake, wewe pia ungenyamaza.

Jinsi mtihani unavyoweza kuitawala lugha inaonekana katika mwandiko. Katika mji wa Hengshui, jimbo la Hebei, iko shule ya sekondari iliyojulikana nchi nzima kwa nidhamu yake kali ya maandalizi ya gaokao. Wanafunzi wake walivuma kwa kuandika Kiingereza kwa herufi za mviringo zilizo sawasawa kama za mashine ya uchapaji, ili msahihishaji aliyechoka asipate shida ya kusoma. Mwandiko huo sasa una jina la mji huo, na madaftari ya kuuiga yanauzwa. Mtoto hutumia saa nyingi kuipendezesha sura ya herufi za sentensi ambayo hatawahi kumwambia mtu.

Nani hulipa gharama ya ububu huu? Wenye fedha wa miji mikubwa waliununulia dawa zamani: mwalimu wa ziada, masomo ya mtandaoni na wageni, likizo ya nje ya nchi. Mtoto wa mkulima hakuwa na chochote zaidi ya kitabu chake na sauti yake ya alfajiri. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini, na methali hiyo inamtosha kijana anayefika chuo kikuu cha Beijing na alama nzuri za Kiingereza, akakuta wenzake wanakizungumza huku yeye akikijua kwa macho tu. Mwezi Julai 2021 serikali ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara katika masomo makuu, Kiingereza kikiwamo, kwa watoto wa elimu ya lazima. Nia ilikuwa kuwapunguzia wazazi mzigo. Lakini muundo wa gaokao ulibaki vilevile, na mwenye uwezo hakosi njia ya kumwita mwalimu nyumbani kimyakimya.

Amri hiyo ilizaa jambo ambalo halikutarajiwa. Kampuni kubwa ya masomo ya ziada ya New Oriental, iliyopoteza sehemu kubwa ya biashara yake, iligeukia kuuza mazao ya kilimo kwa matangazo ya moja kwa moja mtandaoni. Mwaka 2022 mmoja wa walimu wake wa Kiingereza, Dong Yuhui, mwana wa wakulima wa jimbo la Shaanxi, alipata umaarufu mkubwa kwa kuuza nyama na mchele huku akifundisha maneno ya Kiingereza ubaoni na kuchanganya hadithi za kijijini kwao. Mamilioni walimtazama, na hawakuwa na mtihani wa kufanya. Nionavyo mimi, tukio hilo linaeleza zaidi kuliko ripoti nyingi: watu hawakuwa wamekichoka Kiingereza, walikuwa wamechoka kupimwa nacho.

Wako Wachina wanaotaka uzito wa somo hili upunguzwe. Mwaka 2013 mamlaka za Beijing zilitoa rasimu ya kushusha alama za Kiingereza kutoka 150 hadi 100 na kupandisha za Kichina hadi 180, mpango ambao haukutekelezwa. Mwaka 2021 mjumbe mmoja wa baraza la mashauriano ya kisiasa alipendekeza Kiingereza kiondolewe katika orodha ya masomo makuu, na mjadala ukawaka. Naelewa uchungu wao, ila sikubaliani nao. Ukikipunguza shuleni, hukipunguzi kwenye ajira wala kwenye majarida ya sayansi. Unakiondoa mahali pekee ambapo mtoto wa mkulima alikipata bure, na kukiacha mikononi mwa wanaoweza kukinunua. Dawa ya ububu ni kubadili kinachopimwa.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa Kichina aliyekuja chuoni kwetu kujifunza Kiswahili. Alikuwa amesoma Kiingereza kwa zaidi ya miaka kumi na Kiswahili kwa mwaka mmoja na nusu, lakini alizungumza Kiswahili kwa uhuru zaidi. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba katika Kiswahili hakuna aliyewahi kumkata alama kila alipofungua kinywa. Alikosea sokoni, wauzaji wakacheka, wakamsahihisha, akaendelea.

Sasa nirejee kwetu. Kwa wanaosema Kiingereza cha nini, China inawajibu kwamba taifa linalojiheshimu linaweza kuisomesha lugha ya kigeni kwa mamilioni ya watoto wake, kwa bidii kubwa, bila kuikabidhi Fizikia yake. Kwa wanaosema mtoto hukijua Kiingereza akifundishwa kila kitu kwa Kiingereza, ninawauliza: mtoto wetu aliyesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Historia zimegeuka lugha usiku mmoja, amekijua? Wengi wetu tunaofundisha vyuo vikuu tunawapokea vijana hawa. Mwenzao wa China ni bubu wa Kiingereza tu. Baadhi ya wetu wamefanywa bubu wa Baiolojia pia, kwa sababu walikariri majibu ambayo hawakupewa nafasi ya kuyaelewa, na mtihani ukawahesabia kosa la lugha kuwa kosa la akili.

Tunaweza kuchukua lililo jema kwa Mchina na kuliacha baya lake. Jema ni Kiingereza kuwa somo: lenye walimu waliofunzwa kwelikweli, linaloanza mapema, linalofafanuliwa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na lisilogharimu masomo mengine. Baya ni mtihani usiokuwa na nafasi ya ulimi. Tukifanya mageuzi ya lugha ya kufundishia bila kuandaa walimu wa Kiingereza wa shule za vijijini, tutakuwa tumewanyima watoto wa maskini lugha hiyo na kuwaachia wale ambao wazazi wao wanalipa ada za shule za mchepuo wa Kiingereza. Wakati ujao mtu atakapomwita Mchina kuwa shahidi katika mjadala huu, tumwombe atuambie kwanza ni Mchina yupi: yule wa hotuba, au yule wa kipindi cha alfajiri.