Mfugaji Anayesema Ukweli Asiadhibiwe

Ada yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ililipwa na nguruwe. Nasema bila aibu, maana najua siko peke yangu. Mkopo nilioupata haukutosha, kilichobaki kilitoka bandani kwa mama, Mbozi. Kule kwetu jike mmoja akizaa watoto kumi, mama anaanza hesabu siku ileile: wawili ada, mmoja mbolea, mmoja deni la kikoba, wanaobaki wa kukuza.

Nikiwa mwaka wa pili hesabu hiyo ikafutika. Jike mwenye mimba aligoma kula, mwili ukawa wa moto, masikio na tumbo vikageuka rangi ya zambarau. Akatupa mimba, kesho yake akafa. Wakafuata waliokuwa wananyonya, mmoja mmoja. Ndani ya siku tisa banda lilikuwa tupu.

Mama alifanya kile raia mwema anachotakiwa kufanya. Alipiga simu mapema, wakati bado ana sita wazima. Wataalamu wakaja, wakapima, wakaweka karantini, wakaamuru waliobaki wauawe na kufukiwa. Hakupata hata shilingi. Jirani yetu, ambaye nguruwe wake walianza kuumwa wiki mbili kabla, alikaa kimya, akamwita dalali usiku, akauza wote kwa bei ya kutupa. Jirani alipata hela. Mama alipata shimo.

Huko darasani tunafundishwa kwamba sheria huongoza tabia za watu. Ni kweli, na hii hapa inaongoza kuelekea pabaya. Ukimfanya mkweli afilisike na mficha ugonjwa apone, msimu ujao hakuna atakayepiga simu.

Tuuelewe ugonjwa wenyewe, kwa sababu hoja nzima iko hapo. Homa ya nguruwe ya Afrika inasababishwa na kirusi. Haimpati binadamu, hivyo mpenzi wa kitimoto asiogope kuugua. Lakini kwa nguruwe wa kufugwa aina kali ya kirusi hiki huua karibu wote, wakubwa kwa watoto. Haina tiba. Chanjo zilizoidhinishwa Vietnam kuanzia mwaka 2022 bado hazijawa kitu cha kukuta kwenye duka la pembejeo hapa kwetu. Kirusi hukaa ndani ya ngiri bila kumuumiza, na kwenye kupe laini wanaoishi mashimoni. Kikishaingia kijijini, anayekisambaza ni binadamu: viatu, gari la kubebea mifugo, makombo ya mgahawa yasiyochemshwa, na nyama ya mnyama aliyeuzwa kwa siri. Kwenye nyama iliyogandishwa kinaweza kuishi miezi mingi.

Kwa hiyo silaha tuliyonayo ni moja tu: taarifa ya mapema. Na taarifa iko mdomoni mwa mfugaji. Huwezi kumlazimisha aifungue kwa vitisho wakati tumbo linamwambia afunge.

Na ugonjwa huu si mgeni. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, hapo jirani Kenya, na Montgomery, daktari wa mifugo wa enzi za ukoloni. Ulipotua Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, dunia nzima ikapiga kelele. Sisi tumeishi nao zaidi ya miaka mia, na bado kila ukilipuka tunashangaa kama vile umeshuka jana.

China ina funzo. Mwaka 2018 serikali yao ilipandisha fidia hadi yuan 1,200 kwa nguruwe anayeuawa kwa amri. Lakini kuna maeneo malipo yalichelewa au hayakufika, na taarifa nyingi zilieleza wafugaji waliowahi kuuza kabla hawajakaguliwa. Fidia ya kwenye karatasi haimfungui mtu mdomo. Inayomfungua ni ile anayojua kiasi chake na siku ya kulipwa.

Kuna funzo lingine Marekani, na hili linawahusu watoto wa nguruwe hasa. Mwaka 2013 kirusi cha kuharisha kiliingia kule na kuua karibu kila mtoto wa chini ya wiki moja kwenye mabanda kilikoingia. Katika mwaka wa kwanza inakadiriwa walikufa milioni saba. Serikali ilifanya kutoa taarifa kuwa lazima Juni 2014, mwaka mmoja baadaye, na ilitenga fedha pamoja na amri hiyo. Sasa jiulize: kikija hapa leo, nani atagundua? Mtoto wa nguruwe akiharisha, mama zetu wananunua antibayotiki dukani, na antibayotiki haiui kirusi. Watatupwa shimoni bila sampuli hata moja kufika maabara.

Naijua hoja ya upande wa pili: hela hakuna. Tuijibu kwa heshima. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana vinachukua mkopo huo na kufuga nguruwe, kwa sababu wanakua haraka na wanazaa wengi. Homa ikipita, nguruwe wanafukiwa, deni linabaki. Halmashauri inapoteza marejesho, kijana anaitwa mdaiwa sugu. Hiyo nayo ni hela, ila inapotea kimyakimya. Ujerumani wafugaji wenyewe huchangia mfuko wa magonjwa ya mifugo kulingana na idadi ya wanyama wao, na majimbo yanaongeza sehemu yao. Sisi tayari tunalipa ushuru mnadani na machinjioni. Kinachokosekana ni uamuzi.

Wapo pia watakaosema "si nguruwe tu hao?" Wewe ni haki yako kutomla. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu, na haikubali achukuliwe mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Haikuchagua mnyama. Na Ibara ya 18 inampa raia haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Ugonjwa unaofagia mabanda ya kata nzima ni tukio la namna hiyo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, fidia kwa kila nguruwe anayeuawa kwa amri, kiwango kitangazwe kabla ya mlipuko na malipo yawe na tarehe ya mwisho. Pili, mlipuko ukithibitishwa kata na kata zitangaziwe siku hiyohiyo, redioni na kwenye mbao za matangazo za vijiji. Tatu, kikundi kilichotoa taarifa mapema kisimamishiwe marejesho ya mkopo mpaka kisimame tena.

Vijana wenzangu, tusiishie kulalamika vijiweni. Kikao kijacho cha baraza la madiwani kiko wazi kwa wananchi. Nenda na swali moja, mtafute diwani wako, awe wa chama chetu au wa chama tawala, aliulize likaandikwe kwenye kumbukumbu: nikipiga simu leo kwamba nguruwe wangu wanaumwa, kesho nitalipwa shilingi ngapi?

Mama ameanza upya na majike wawili. Juzi nilimuuliza, wakiumwa tena atapiga simu? Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unasomea sheria. Niambie nifanye nini."

Sikuwa na jibu la kumpa.