Amana Ina Bima, Mwenye Amana Hana Habari

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Yamkini hawakuwahi kuona benki ikifungwa. Tarehe 13 Oktoba 2015 wateja wa Imperial Bank waliamka wakakuta benki yao imekabidhiwa msimamizi, nao hawana ruhusa ya kutoa hata shilingi. Dubai Bank ilikuwa imetangulia mwezi Agosti mwaka uo huo, na Chase Bank ikafuata tarehe 7 Aprili 2016. Katika muda usiotimia miezi minane, benki tatu za Kenya zilikuwa zimefunga milango.

Lililonishangaza katika mazungumzo ya siku zile ni kwamba watu wengi, wakiwemo wasomi wenye shahada mbili tatu, hawakujua kuwa sheria ilikuwa imewawekea kinga. Na kinga yenyewe haikuwa ngeni. Hazina ya kuwalinda waweka amana iliasisiwa kisheria mwaka 1985. Sheria ya mwaka 2012 ndiyo iliyozaa Shirika la Bima ya Amana, lijulikanalo kwa ufupisho wa KDIC, ambalo lilianza kazi mwaka 2014. Kila benki hulipa ada katika mfuko wa shirika hilo. Mteja haombi wala halipi chochote. Benki ikifilisika, mfuko humfidia mwekaji hadi kikomo kilichowekwa. Kwa miaka mingi kikomo hicho kilikuwa shilingi 100,000, hadi kilipopandishwa kuwa shilingi 500,000 mwezi Julai 2020.

Hapa ndipo penye fundo. Kikomo huhesabiwa kwa kila mtu katika kila benki, si kwa kila akaunti. Mwalimu mwenye shilingi 800,000 katika matawi mawili ya benki moja amekingwa kwa 500,000 tu. Zile 300,000 zitangoja mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe, kazi inayoweza kuchukua miaka. Lau angaliweka 400,000 katika benki hii na 400,000 katika benki ile, fedha zote zingalikuwa chini ya bima. Isitoshe, bima hii ni ya benki za biashara, benki za mikopo midogo na taasisi za mikopo ya nyumba. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo walimu wetu huviamini kuliko benki, havimo. Hisa hazimo pia.

Kwa nini basi habari nyepesi kama hii haimfikii mwenyewe? Naamini sehemu kubwa ya jibu ni lugha. Litazame neno amana. Katika Kiswahili, amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze hadi mwenyewe akihitaji. Mwenye kutunza hana ruhusa ya kukigusa, na akikila hujulikana kuwa ni mhaini. Benki haitunzi hivyo. Kisheria, benki inakuwa mdeni wako: imekukopa, nayo huwakopesha wengine fedha zizo hizo. Mwekaji alisikiapo neno amana huziona noti zake zimelala katika kasha la chuma, na kumbe zimekwisha kujenga ghorofa ya mtu mwingine. Sisemi neno libadilishwe. Kinyume chake, ni vizuri benki iitwe kwa neno linaloidai uaminifu. Lakini mwekaji aelezwe tofauti.

Kuna na neno dhamana, ambalo baadhi ya watu hulichanganya na bima. Mdhamini hulibeba deni la mwenzake. Bima hii ina kikomo. Anayemwambia mzee wa kijijini kwamba serikali imedhamini pesa zake zote benkini amemdanganya, hata kama nia yake ni njema.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 nayo inampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na huduma anazopewa. Ukiziweka ibara hizi mbili bega kwa bega, huoni ni kwa hoja gani benki itampa muuza mboga fomu ya kurasa kadhaa za Kiingereza, imwonyeshe mahali pa kutia sahihi, kisha ijidai kuwa amekubali masharti.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusijitoe katika lawama hii. Katika somo la tafsiri tunapewa hotuba na hadithi, tunatunukiwa alama, kisha karatasi zinatupwa kabatini. Wahadhiri wetu na watupe Sheria ya Bima ya Amana muhula ujao. Ukurasa mmoja unatosha: benki yangu ni mwanachama? Nitalipwa hadi kiasi gani? Akiba yangu ipi haimo? Chama chetu kikiupeleka ukurasa huo KDIC na kwenye matawi ya benki yaliyo hapa karibu na chuo, waombwe wauambatishe na kila fomu ya kufungulia akaunti.