Bastola ya joto haioni ndani: barua ya wazi kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya, Jimbo la Tshopo

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Simi-Simi, Kisangani, karibu na uwanja wa zamani wa ndege. Saa saba mchana vijana wa toleka, teksi zetu za baiskeli, hupita hapa wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala, jasho linawachuruzika wala halikauki. Hewa yetu ya mto na msitu imejaa unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Ombi langu linahusu kile kipimajoto cha bastola tulichokizoea tangu Ebola na Korona. Mtu aliyetulia akiwa na homa, kinasaidia. Mtu aliyetoka kazini juani, kinampotosha muuguzi: kinasoma ngozi ya paji la uso, nayo ikilowa jasho huweza kuonyesha 37 wakati ndani ya mwili joto limepita digrii 40. Kwapani na mdomoni, mambo ni yale yale. Kipimo cha kuaminika kituoni bado ni cha njia ya haja kubwa, hata kama hakuna anayekipenda. Vidonge vya kumeza vinavyorusha joto la tumboni kwa redio vipo, na baadhi ya wanariadha walivimeza kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Doha, mwaka 2019. Huko marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa joto, lakini wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakuimaliza. Ila bei ya vidonge hivyo si ya mtu wa toleka.

Basi tupime hewa kabla ya kupima mtu. Mwaka 1957 watafiti Yaglou na Minard, wakishughulikia wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakizidiwa na joto mazoezini, walieleza kipimo cha vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa kibichi, cha pili kimo ndani ya tufe jeusi juani, cha tatu kivulini. Kile cha kitambaa kibichi hubeba asilimia 70 ya hesabu, na kwa unyevu wa Kisangani ndicho kinachotufaa zaidi. Kipimo hicho cha vipimajoto vitatu kiwekwe bandarini na kwenye Uwanja wa Lumumba, na anayepanga mechi ya mchana akisome kwanza.

Halafu kuna malaria. Kwetu kila mwili wa moto huitwa malaria, na hata aliyezidiwa na joto la jua hupelekwa kutolewa damu kidoleni huku ubongo ukiungua. Aliyeanguka kazini juani na kuanza kusema ovyo atumbukizwe kwanza kwenye maji baridi, ndipo asafirishwe. Mapipa tunayo. Tunachokosa ni waraka wenye muhuri wako, unaomruhusu muuguzi kufanya hivyo hata kama bastola inaonyesha 37.

Wako,
Mwalimu wa michezo, Simi-Simi, Makiso